Mboga Gani? Miaka Ishirini na Sita ya Bibi Stumai Jikoni

Leo, tarehe 30 Novemba 1957, Bibi Stumai binti Mughwai anatundika mwiko wake. Ametupikia miaka ishirini na sita katika shule hii ya bweni ya wasichana, hapa njia ya Ilongero, na sidhani kama yuko mtu mwingine wilayani aliyelisha mabinti wengi kiasi hicho bila kumfokea hata mmoja. Kuwafokea walimu ni habari nyingine.

Alizaliwa Unyambwa, akaja kwetu mwaka 1931 kama mtwanga nafaka, wakati jiko letu lilikuwa mafiga matatu na paa la nyasi. Baada ya miaka minne akawa mpishi mkuu. Yeye ni Mwislamu katika shule ya misheni, na kila Ramadhani aliniita mimi nimwonjee chumvi. Nilipomwambia imekolea, alinitazama kwanza usoni kuhakikisha simdanganyi. Ndivyo urafiki wetu ulivyoanza.

Mlenda wake una historia yake. Mwalimu Fabiano, aliyetujia kutoka Pwani, aliukabili siku ya kwanza kwa adabu zote. Tonge likateleza, mlenda ukaishia kwenye tai. Bibi Stumai hakucheka. Alimwongezea. Siku hizi Mwalimu Fabiano haendi likizo bila mlenda mkavu ndani ya sanduku.

Lakini wasifu huu hautakuwa wa kweli nikiruka mwaka 1949, na hapo sina budi kusema na yangu, maana wakati huo mtunza stoo nilikuwa mimi, Mwalimu Felista.

Mwaka ule tuliletewa waraka kutoka Boma: kila mwanafunzi apate mboga kila siku. Tuliusoma tukatabasamu. Huku kwetu chochote kinachoshushia ugali ni mboga, na katika nchi ya ng'ombe mboga ya heshima ni nyama. Tena niliona aibu mzazi atembee kutoka Mgori aje amkute binti yake anakula mlenda uleule aliouacha nyumbani. Nikamwambia Bibi Stumai majani basi, na unga wa uwele basi. Wasichana wetu wale sembe nyeupe kwa nyama, au kwa maharage. Akasema, "Haya, Mwalimu," akaenda kuosha sufuria. Na mimi kila wiki nikaandika kwenye ripoti, kwa mwandiko wangu mzuri, kwamba mboga imeliwa siku zote saba.

Kufika mwezi wa tisa miswaki ya wasichana ilikuwa inatoka na damu. Fizi zilivimba, wakachoka hata kuimba, na mmoja wao, Redempta, akawa hawezi kusimama kwa maumivu ya miguu. Mganga wa serikali akaja kutoka mjini. Akauliza kama tunawapa mboga. Mwalimu Mkuu wa wakati huo, Mwalimu Gabrieli, akajibu kwamba tunawapa kila siku, nami nikaleta ripoti yangu. Kwa kuwa karatasi ilikuwa safi, uchafu ukatafutwa jikoni. Ikaamuliwa mpishi aondoke mwisho wa wiki, na wasichana wasipopata nafuu, shule ifungwe.

Bibi Stumai alikuwa amesimama mlangoni, mikono bado ina unga.

"Samahani, Bwana Mganga. Unauliza mboga gani, ya shambani au ya zizini?"

Mganga akaweka kalamu chini. Akasema anauliza ya majani.

"Hiyo hatujaipika tangu mwezi wa tano."

Habari ya kumfukuza ikaishia hapo. Siku hiyohiyo alikoroga uji wa ubuyu kwenye sufuria kubwa kuliko zote, akaagiza mlenda mkavu kutoka kwake Unyambwa, na majani mabichi akayachuma kwenye kituta kidogo alichokuwa akikimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Hicho kituta nilikipita kila siku nikidhani ni magugu. Kabla mvua hazijaanza, Redempta alikuwa anaruka kamba. Leo ni muuguzi, na akina mama wanaomletea watoto huulizwa kwanza wamekula nini jana.

Kituta kile sasa ni bustani nzima, na maji yake ni yaleyale ya vyombo. Pumba zinakwenda kwa kuku, mayai yanarudi mezani. Majani ya kunde huanikwa kivulini wakati wa masika kwa ajili ya kiangazi, kwa sababu Bibi Stumai anasema jua ni mlaji kama walaji wengine. Uwele na karanga vilirudi jikoni, nyama ikabaki ya Jumapili, na hakuna mzazi aliyelalamika. Wasichana nao wana mchezo wao: mwalimu akitangaza kwamba leo kuna mboga, bweni zima linamjibu, "Mboga gani?" Hata wakiolewa wanaondoka na swali hilo.

Sasa niseme lililonileta. Wengi wenu mnadhani amri ya kuacha majani ilitoka Boma. Ilitoka kwangu. Siku ile kibarua cha Bibi Stumai kilikuwa kinaota nyasi, na angeweza kusema, "Nilikatazwa na Mwalimu Felista." Ilikuwa kweli, na ingemtosha. Yeye alisema "hatujaipika". Alibeba nusu ya kosa ambalo hakulifanya, mbele ya watu waliokuwa wanamfukuza, ili nisibaki peke yangu. Sikumshukuru, niliogopa. Nimeona haya kwa miaka minane, kila aliponiita nionje chumvi.

Bibi Stumai, asante kwa kuwalisha watoto hawa, na asante kwa neno lile. Rudi Unyambwa kwa amani, matuta yako yapate mvua kwa wakati wake, na uzee wako uwe na fizi ngumu na wajukuu wasiochagua chakula. Leo hatukuruhusu kuingia jikoni. Mlenda utakaoukuta mezani nimeupika mimi. Kama magadi yamezidi, nisamehe na hilo.