Mapipa Mia Nne ya Rangi

Sina tabia ya kusikiliza ya watu, ila masikio yangu hayajaambiwa kwamba nimestaafu. Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, kijana mkaguzi wa hesabu alikuwa akimsimulia mama mmoja alivyokagua kiwanda cha rangi wakati wa korona. "Tulikatazwa kusafiri, mama. Mtunza stoo akazunguka na simu ya video, mimi niko nyumbani. Nikamwambia agonge kila pipa kwa spana, nisikie kama limejaa. Mapipa mia nne! Nikasaini."

Mama akageuka mzima mzima. "Kile kinachouza hisa? Mafao yangu yote yako humo! Na kama aligonga pipa lile lile?"

"Hilo ndilo lililoninyima usingizi mwaka mzima. Leo ndiyo nimefika. Ujenzi ulisimama, rangi haijatoka stoo. Mama, kila pipa lina kibonyeo chake cha spana! Nimeyagonga mwenyewe, yamejaa."

Mama akashusha pumzi. Ningeapa basi lilipungua uzito. "Mungu mkubwa! Lakini mwanangu, ulisaini kabla ya kuona."

"Niliona kwenye simu."

"Hata kaka yangu alimwona mchumba kwenye simu. Alipokuja, hakuenea mlangoni."

"Si alikuja lakini?"

"Alikuja, tena na mama yake!"

Basi likasimama. Wakashuka wakibishana, mama kamshika kijana mkono kama aliyemzaa. Nami nikashuka nyuma yao, ingawa kituo changu kilikuwa bado mbali.