Unga wa Parachichi, Debe la Nguruwe

Rutilio aliendesha basi lake dogo mjini Puebla, Meksiko, huku masikio yote yakiwa nyuma kwa abiria wawili waliobishana, maana daktari alikuwa amempiga marufuku mafuta ya nguruwe, na kesho yake ilikuwa Candelaria, sikukuu ya kula tamali, vile vitonge vya unga wa mahindi uliopigwa na mafuta, vikafungwa majani na kupikwa kwa mvuke.

"Panya niliowalisha mafuta ya nguruwe kolesteroli imewapanda balaa," alikuwa akisema Itzel, binti wa maabara ya chuo kikuu, amepakata bakuli la unga wa mahindi. "Wa mafuta ya parachichi imeshuka, mama. Imeshuka!"

"Kwani hao panya wako wanasherehekea Candelaria?" akamkata Bi Eduviges, mpika tamali, amekumbatia debe lake la mafuta. "Unga usiopigwa na mafuta ya nguruwe hauelei majini. Na usioelea, sisi humpa mbwa."

"Huu nimeupiga na parachichi mpaka mkono umekufa ganzi. Nani ana maji?"

Abiria mmoja akatoa kikombe. Itzel akadondosha kidonge cha unga. Basi zima likanyoosha shingo. Rutilio akatazama kioo kuliko barabara, jambo alilolizoea.

Kidonge kikazama, kikasita, kikaibuka.

"Kinaelea!" Vifijo vikalipuka. Rutilio akapiga honi kama timu yake imefunga bao. Kesho atakula tamali, tena bila kuvunja marufuku ya daktari.

Basi liliposimama, Bi Eduviges akanyanyua debe lake juu kama kombe la ubingwa, akageuka mlangoni.

"Hongera, mwanangu," akasema. "Ila hata mavi huelea."