Kimya Katikati ya Ubeti

Habari hii alinisimulia kwanza mjomba wangu, dereva mstaafu wa basi ambaye kijiweni wanamwita Breki, Jumapili moja mchana, wiki mbili baada ya jambo lenyewe, mwaka nilioanza kazi ya masjala. Niliiandika siku ileile, kisha nikaenda kumsomea Mama Mkubwa, dada yake, akanisahihisha mahali pawili. Kijiwe ni benchi la mbao nje ya duka la ushonaji la Mama Mkubwa, chini kabisa ya dirisha, kwa hiyo kila neno la benchini linaingia ndani na kila mlio wa cherehani unatoka nje. Siku ya jambo lenyewe walikaa watatu, chupa ya kahawa katikati yao: Breki, Sawasawa, aliyefundisha hesabu miaka thelathini, na Kinyozi, aliyefiwa na mkewe miaka sita nyuma, ambaye duka lake linatazamana na la Mama Mkubwa. Kinyozi alikuwa amejinyoa ndevu mara mbili tangu asubuhi. Alikuwa amemwomba Mama Mkubwa waoane, naye akampa sharti moja: auimbe "Taa ya Baraza" chini ya dirisha kabla duka halijafungwa saa kumi na moja, na asikosee kile kimya.

Wimbo huo kila mtu anaujua. Bendi zimeurudia, kwaya zimeurudia, simu zinalia kwa sauti yake. Katikati ya kila ubeti mwimbaji hunyamaza ghafla, kisha huendelea kama hakuna kilichotokea, na kila aliyeurudia amenyamaza kwa kipimo chake.

— Bendi ya kwanza ilinyamaza mapigo manne, alisema Sawasawa. Kwaya manane. Yule wa saksafoni hakunyamaza hata kidogo. Wastani ni manne.

— Siwezi kuomba mke kwa wastani, alisema Kinyozi.

— Tumjue mtunzi kwanza, alisema Breki. Ukimjua mtunzi, utajua alinyamazia nini. Mimi nilimpakia kwenye basi langu.

— Basi lako lilipakia kila mtu.

— Huyu alikaa nyuma yangu, gitaa magotini, anatunga. Basi likaruka tuta, akanyamaza. Likatua, akaendelea. Kile kimya ni tuta.

— Kila ubeti una tuta?

— Hukuijua barabara ile, shemeji.

— Usiniite shemeji kabla ya saa kumi na moja, utaniletea mkosi.

Sawasawa alimimina kahawa, akatikisa kichwa kwa huruma.

— Watunzi walikuwa wawili, alisema. Mapacha, wanampenda mwanamke mmoja. Hawasemeshani. Huyu anaandika nusu ya ubeti, anampelekea mwenzake kwa posta, mwenzake anamalizia. Kimya ni pale karatasi ilipokuwa njiani.

— Kwa hiyo ni siku tatu?

— Nne, ukihesabu Jumapili.

— Basi niimbe nusu leo, nusu Alhamisi.

— Mwanamke mwenye subira angekuelewa.

— Huyu ni dada yangu, alisema Breki. Subira hana. Hebu nikwambieni ukweli, maana naona mnateseka. Mtunzi hakuwa mtu. Alikuwa kasuku wa hoteli moja niliyokuwa nalala safarini. Aliokota maneno ya mapenzi vyumbani, leo hapa, kesho pale, akayaunga. Mpiga gitaa akamsikia akaandika.

— Na kimya?

— Alikuwa anameza mbegu.

Sawasawa alifikiri sana.

— Muda wa kumeza mbegu unapimika, alisema.

— Mbegu ya nini? aliuliza Kinyozi, na kwa sauti yake walijua kwamba sasa angekubali lolote. Saa yake ilisema kumi na dakika arobaini.

Hapo ndipo alipofika muuguzi, mwanamke kijana, kufuata sare yake. Mama Mkubwa alimwambia kutoka ndani kwamba imebaki kola tu, asubiri benchini.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba, mwanetu. Kaa. Kahawa imebaki machicha.

Wakamweleza shida yote, pamoja na kasuku. Muuguzi akasikiliza mpaka mwisho.

— Kwani huyo aliyetunga alikuwa anafanya kazi gani ya mikono? aliuliza. Mimi nikiimba huku nakunja mashuka, wimbo hukatika nikigeuza shuka.

Breki alitazama ndani ya kikombe. Sawasawa alivua miwani, akaivaa.

— Mimi nikinyoa hunyamaza nikifika sikioni, Kinyozi alisema polepole.

Kwa kuwa wote walikuwa wamenyamaza, cherehani ikasikika. Ilikimbia, ikasimama. Sindano imezama kitambaani, kola inageuzwa kwenye ncha yake. Ikakimbia tena. Kinyozi alikuwa ameusikia mlio huo kutoka ng'ambo ya barabara miaka kumi na moja. Akasimama, akafunga vifungo vya shati, akaanza kuimba. Cherehani ilipokimbia, aliimba, iliposimama, alinyamaza, ilipovuka ncha na kuendelea, aliendelea nayo. Beti zote tatu, kola nzima, mshono wa kwanza na wa pili.

Mama Mkubwa akatokeza kichwa dirishani, uzi mdomoni.

— Nani kakufundisha?

— Wewe, alisema Kinyozi.

Ndipo Mama Mkubwa akawaeleza. Yeye na mama yangu walijifunza kushona kwenye cherehani moja. Mama alitunga maneno akiwa anakata vitambaa, Mama Mkubwa aliweka sauti akiwa anashona kola. Mpiga gitaa mmoja alikuja kupimwa suti mara tatu, kila mara akasikia ubeti mmoja. Suti ikaisha, akaondoka na beti tatu, na jina lake ndilo lililoandikwa kwenye sahani ya santuri.

— Nimekaa chini ya dirisha hili miaka yote hii, alisema Breki. Dada, hukuniambia.

— Hukuuliza. Ulikuwa unaeleza.

Masahihisho ya Mama Mkubwa ni haya. Breki alisema Kinyozi aliimba vizuri. Aliimba vibaya, ila kimya kilikuwa sawa. Breki alisema dada yake alilia. Alikuwa anakata uzi kwa meno.

Mpiga gitaa alifariki kabla sijazaliwa. Mama yangu alikuwa ametangulia miaka minne kabla ya siku hiyo. Sawasawa alifariki mwaka jana, akiwa bado anawatetea mapacha wake. Muuguzi alihamishwa, sijui yuko wapi. Breki yupo, na benchi ni lake. Mama Mkubwa na Kinyozi wapo, wanaishi nyuma ya duka. Ubeti wa nne upo pia. Wanaujua wao wawili tu, na nilipokwenda na kalamu waliniambia nifunge mlango nikitoka.