Faini ya Fundi Saa

Benchi letu liko pale kona, mbele ya duka langu la kunyoa, chini ya bati lililochomoza mpaka karibu na barabara. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na katikati umebonyea, kwa hiyo wenyeji hukaa pembeni na pale katikati huachiwa mgeni. Kila asubuhi utamkuta Hakimu, ambaye hajawahi kumhukumu mtu. Alikuwa tarishi wa mahakama, kazi yake kuita majina ya washtakiwa mlangoni, akastaafu akaondoka na ile sauti. Utamkuta Plasta, fundi ujenzi, na Gia, dereva ambaye lori lake liko gereji kila ukimuuliza. Mzee Birika huuza kahawa yake papo hapo. Mimi nanyoa huku mlango ukiwa wazi, nisije nikapitwa na maneno.

Ukutani kwangu, kando ya benchi, ndipo ilipo meza ya Fundi Saa. Ni mgane, mpole, mtu wa kuongea na vitu vidogo kuliko watu. Siku nzima ana kioo jichoni na kibano mkononi, ameinamia tumbo la saa ya mtu. Ng'ambo ya barabara, mlango ukitazamana na meza yake, kuna mshonaji, mwanamke wa makamo aliyeachana na mume zamani akabaki na cherehani yake na heshima yake. Fundi Saa alimpenda mwanamke huyo. Sote tulijua. Tulijua kwa suruali. Kila wiki alimpelekea suruali moja apunguze urefu, akaipokea, akapeleka nyingine, mpaka zikaisha, akaanza upya na ile ya kwanza. Kufikia majira yale vifundo vyake vya miguu vilikuwa nje vyote, na akikaa unaona soksi na nusu ya muundi.

Asubuhi hiyo alivuka barabara akitokea kwa mshonaji, hakwenda mezani kwake, akaja akakaa katikati ya benchi, pale pa wageni. Tukajua kuna jambo.

— Amenijibu, akasema.

— Nani? akauliza Plasta.

— Mshonaji. Amesema faini.

Mwanamke mwenyewe alilitamka sawasawa, fine, kwa Kiingereza chake. Lakini neno hilo likishavuka barabara na kuingia midomoni mwetu huwa faini, na hapo ndipo asubuhi yetu ilipoharibikia.

Mimi nilikuwa wa kwanza kutoa maana. Nikiwa na wembe mkononi, nilisema kutoka mlangoni kwamba neno lenyewe ni jepesi, maana yake sawa, vizuri, hakuna tatizo. Wateja wangu huniambia hivyo kila siku wakishajitazama kwenye kioo. Hakimu akanigeukia taratibu, akaniuliza kama hao wateja wakishasema faini huwa wanarudi. Nikafikiri. Wapo wasiorudi.

— Basi nyoa, akasema Hakimu.

Mzee Birika alisema nyumbani kwake neno hilo likitoka kwa mkewe, siku hiyo yeye hula hotelini. Akataka kujua kama mshonaji alilisema akimtazama mtu au akitazama kitambaa. Fundi Saa akajibu kwamba hakuweza kujua, kwa sababu mwanamke alikuwa amebana pini midomoni, na mtu mwenye pini midomoni ni kama hamtazami yeyote. Mzee Birika alimhurumia, akamjazia kikombe bila kuombwa.

Ndipo Hakimu akalichukua neno mkononi mwake. Alituambia neno hili amelisikia miaka yote ya kazi, na halijapata kutembea peke yake. Hutoka likiwa na mwenzake: faini au kifungo. Mtu akipewa faini, maana yake ameondolewa kifungo.

— Sasa wewe ulikuwa unatafuta ndoa, akamwambia Fundi Saa. Na ndoa ni nini, ndugu yangu, kama si kifungo? Amekunyima.

Fundi Saa alipauka. Hakimu akamtuliza, akamwambia rufaa bado iko wazi. Aende sasa hivi, asimame wima, mikono nje ya mifuko, akiri kosa na kuomba kifungo. Fundi Saa akauliza kosa gani. Hakimu akamjibu kwamba wengi wa aliowaita mlangoni kule mahakamani nao waliuliza hivyohivyo, na kosa lilipatikana.

Akaenda. Tulimwona akivuka, akasimama mlangoni kwa mshonaji kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Hakukaa sana. Alirudi amekunja ngumi, na alipoifungua, kiganjani mlikuwa na kifungo cha shati, cha kahawia.

Alitueleza yaliyotokea bila kuongeza chumvi. Alikuwa amesema, Fundi, nakiri kosa, naomba kifungo. Mshonaji alilitazama shati lake, akaona kweli kimoja kimekatika pale tumboni. Akavuta kopo lake, akachakura, akachagua, akakipima kwa macho, akampa.

— Halafu? akauliza Gia.

— Akasema, hiki faini.

Hakimu alikichukua kile kifungo, akakigeuzageuza. Mwishowe alisema hajapata kuona mahakama inayotoa faini na kifungo kwa pamoja tena papo hapo, akaomba kahawa nyingine.

Plasta alikuwa akingoja nafasi hiyo. Kwake yeye jambo lilikuwa wazi tangu mwanzo, na hii faini ya pili ndiyo iliyolimaliza. Alisema ukuta haupigwi plasta mara moja. Kwanza unapigwa rafu, mchanga mnene, ili ushike. Ukikauka, unachekecha mchanga mwembamba, na huo ndio mafundi wanaouita faini, unapiga mkono wa pili mpaka ukuta unakuwa laini kama shavu la mtoto.

— Mwanamke anakuambia wewe bado uko rafu, akamalizia. Kwa adabu, lakini anakuambia.

Macho yote yakaenda kwenye masharubu ya Fundi Saa. Alikuwa nayo tangu ujanani, mazito, yenye mvi pembeni. Sijui nani aliyeamua. Nakumbuka tu kwamba nilimwondoa mteja wangu kitini, upande mmoja wa kichwa ukiwa umenyolewa na mwingine bado, nikamkalisha Fundi Saa, nikayafyeka. Mdomo wake wa juu ulitokeza kwa mara ya kwanza mbele yetu. Ulikuwa mweupe kidogo kuliko uso mwingine, na ulionekana kushangaa kama sisi.

Akavuka barabara tena. Safari hii alirudi na suruali yake, imekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Mshonaji hakumtambua. Alimkazia macho, akamuuliza kama ametumwa kumchukulia fundi wa saa suruali yake. Yeye kwa aibu akasema ndiyo, ametumwa.

— Amenipa na ujumbe, akasema Fundi Saa. Nimwambie mwenyewe kwamba hii haipunguziki tena.

Hapo hakuna aliyecheka. Tulielewa uzito wa maneno yale. Suruali zote zilikuwa zimefika mwisho. Kama hazipunguziki tena, hakuwa na sababu nyingine duniani ya kuvuka ile barabara. Alikuwa ameishika ile suruali mapajani kama mtu aliyerudishiwa barua yake.

Gia alikuwa bado hajatoa maana yake, na mtu akikaa kimya kwenye kijiwe chetu tunajua anapika jambo. Alianza kwa kutueleza kwamba wenye Kiingereza chao ni watu wa haraka, maneno marefu huyakata ili wawahi. Basi hili nalo limekatwa. Si faini. Ni fainali.

Plasta akasema hapo sasa Gia amepotea njia. Gia hakumjali. Aliuliza kwa upole fainali huchezwa na wangapi. Tukasema wawili. Akauliza kama kuna mtu amewahi kuona fainali ya mmoja.

— Basi mwenzake ni nani? akasema.

Laiti angeinywa kahawa yake akanyamaza. Kwanza tuliangalia barabarani, kama vile huyo mwingine atapita. Halafu Plasta akaona pindo jipya kwenye suruali ya Hakimu. Hakimu akajitetea kwamba suruali ilipelekwa na binti yake, yeye hakufika, akamrushia Mzee Birika, ambaye aproni yake ilikuwa na mfuko mpya, tena umeshonwa mara mbili. Mzee Birika akasema kama ni hivyo basi tumtazame na kinyozi. Na kweli, kitambaa ninachowafunga wateja shingoni kilikuwa kimetoka kwa mshonaji juzijuzi, kimezungushiwa utepe mwekundu ambao sikuuomba. Hata kiraka cha begani kwa Plasta kilikuwa cha mkono uleule. Katika benchi zima hakuwapo mtu ambaye hana nguo iliyopita pale.

Fundi Saa alitutazama mmoja mmoja. Kwa ule uso mtupu usio na masharubu, alionekana kama mtu aliyeibiwa ndani ya nyumba yake. Alipofika kwangu macho yake yakasimama.

— Kumbe hata wewe, akasema.

Nimegawana naye ukuta mmoja miaka mingi. Mkewe alipofariki ni mimi niliyemfungia meza na kumwekea saa za watu. Nilitaka kumwambia kwamba utepe ni utepe tu, lakini nilivyozidi kuueleza ule utepe ndivyo nilivyozidi kuonekana nina jambo. Mzee Birika aliweka birika chini, akasema hamiminii kahawa mtu anayemshuku. Plasta na Hakimu walikuwa wamepeana visogo. Niliona kabisa kwamba siku hiyo kijiwe kinakufa.

Ndipo akatokea mama mmoja mtu mzima, mkoba begani na kikapu mkononi, vumbi la safari miguuni. Alisema anaomba kupumzika kidogo. Tukamwamkia, shikamoo mama, akaitikia, na Fundi Saa akanyanyuka akamwachia nafasi. Mzee Birika akamimina kahawa, maana mgeni hana kosa. Mama akatuangalia tulivyonuna, akauliza wanangu mna nini.

Hakimu, ambaye hawezi kujizuia mbele ya msikilizaji mpya, alimsomea shauri lote kuanzia mwanzo. Neno lilivyotamkwa, pini midomoni, faini na kifungo, rafu ya Plasta, masharubu, na hii fainali ambayo mchezaji wake wa pili anatafutwa. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akipuliza kahawa yake. Hakumkatiza hata mara moja. Hakimu alipomaliza, mama akauliza:

— Na huyo mwanamke aliulizwa nini?

Tulitazamana. Hakimu akamtazama Plasta, Plasta akamtazama Gia, Gia akanitazama mimi. Asubuhi nzima tulikuwa na jibu mikononi, tunalipindua juu chini, na hakuna hata mmoja aliyekumbuka kwamba jibu lina swali lake. Sote tukamgeukia Fundi Saa.

Alikuwa amesimama ameshika suruali. Alisema maneno alikuwa ameyaandaa tangu zamani, mazuri, yamepangika, na njiani alikuwa nayo yote. Alipofika mbele ya cherehani hakuyaona.

— Ulisema nini, mwanangu? akauliza mama.

— Nilisema, hii nayo.

— Hii nayo nini?

— Suruali.

Mama akanywa kahawa yake yote, akarudisha kikombe. Halafu akauliza duka la mshonaji liko wapi. Gia akaonyesha kwa kidole. Akasema vizuri, kwa sababu mwenye duka ni binti wa kaka yake, yeye ni shangazi yake, na ameitwa. Binti alimpigia simu akamwambia kuna mwanamume anamletea suruali kila wiki, suruali zisizo na kasoro. Anasimama mlangoni, anameza mate, anaondoka. Hajui kama anaumwa au ana haja. Alitaka mtu mzima aje amtazame.

Alimwangalia Fundi Saa kuanzia mdomo ule mweupe mpaka kwenye vifundo vya miguu.

— Sasa nimemtazama, akasema.

Alipoinuka, Fundi Saa aliweka suruali juu ya benchi, akachukua kikapu cha mama bila kuambiwa. Wakavuka wote wawili. Tuliona amekitua kikapu kizingitini. Tuliona gurudumu la cherehani limesimama. Kisha tukaona jambo ambalo hatukuwahi kuliona tangu tumjue: Fundi Saa akiongea, na akiendelea kuongea. Hakimu alinyoosha shingo. Gari la taka likapita likaziba kila kitu, na lilipoondoka, mshonaji ndiye aliyekuwa anasema, na shangazi amegeukia ukutani, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Fundi Saa alirudi mwendo wa kawaida. Alipita kwangu kwanza, akanishika mkono, akaubana. Kisha akakaa.

— Amesemaje? akauliza Hakimu.

— Amesema ndiyo.

Hakimu alivuta pumzi ya kuanza, ikamtoka hivyohivyo. Plasta alikuna goti.

— Ndiyo ya kawaida? akauliza Gia.

— Ya kawaida.

Tukakaa. Neno lilikuwa pale katikati yetu na hakuna aliyejua pa kulishikia. Mzee Birika aliinamisha birika, yakatoka mashapo. Plasta akasimama, akasema kuna ukuta wa mtu unamngoja tangu juzi. Gia akakumbuka lori, akaelekea gereji. Hakimu, ambaye hana kazi ya kwenda, akasema anakwenda nyumbani kuona kama kuna chochote cha kutengeneza. Fundi Saa alirudi mezani, akabandika kioo jichoni, akainama. Hata Mzee Birika alikunja virago.

Baadaye kidogo jirani wa mtaa wa nyuma alipita. Aliliona benchi tupu, jua halijafika hata utosini, na mimi ndani nanyoa bila kusema neno. Akavua kofia, akasogea mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini tumefiwa na nani.