Ngatia wa Gunia Rekodi na Sauti ya Watiri

Marehemu Mzee Elijah Ngatia Theuri alizaliwa Mweiga tarehe 14 Machi 1948, mtoto wa tatu wa marehemu Theuri na marehemu Njoki, wakulima wa viazi. Mama yake alisema mtoto huyu alilia kwa sauti moja tu, haipandi wala haishuki. Kweli hakuwahi kuimba, hata kanisani, na waliokaa naye benchi moja walishukuru.

Alisoma shule ya msingi hapo Mweiga, 1956 hadi 1963. Mwaka wa 1965 aliingia Nyeri mjini kujifunza kutengeneza redio. Alijifunza haraka, kwa sababu alikuwa akifungua hata redio za watu ambazo hazikuwa zimeharibika.

Mnamo Juni 1973 alikodi chumba nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, akafunika kuta kwa magunia ya viazi ili sauti isirudi mwangwi, akaanza Gunia Rekodi. Waimbaji walitoka humo wakipiga chafya. Chafya moja ya mpiga gitaa iliingia kwenye santuri, na wateja wa Kutus wakawa wanaagiza “ile ya chafya.” Zilitoka santuri sitini na moja, kisha kaseti, hadi alipofunga mwaka wa 1994.

Tarehe 5 Aprili 1975 alimuoa Peris Gatwiri wa Chuka. Peris alikuja kurekodi na wenzake, akaambiwa arudie wimbo mara tisa. “Ule wa kwanza ulikuwa na makosa gani?” alimuuliza baadaye. “Haukuwa na makosa,” Ngatia akamjibu. Walijaliwa watoto wawili, Wachuka na Munene.

Sasa kuna jambo ambalo mwenyewe aliagiza lisemwe hapa. Alimwambia Peris, “Mkisoma ya shule na ndoa, hili mkaliacha, mtakuwa mmezika mtu mwingine.”

Mikanda ya kurekodia ilikuwa adimu. Santuri ikishatoka, Ngatia alichora alama ya chaki kwenye boksi, maana yake mkanda huo unaweza kurekodiwa tena. Agosti 1979 alikuja Watiri, msichana wa Kagio mwenye miaka ishirini na miwili, akaimba nyimbo nne. Desemba, kabla santuri yake haijatoka, Watiri alifariki ghafla kwa homa. Wiki ya matanga Ngatia alikuwa na mawazo mengi, akakosea, akachora chaki kwenye boksi la mkanda wa Watiri. Tarehe 12 Januari 1980 alirekodi kwaya kwenye mkanda huo, juu ya sauti ya Watiri. Hapakuwa na mkanda mwingine wa sauti yake, popote.

Kwaya ilipokuja kusikiliza, kila walipovuta pumzi kati ya beti, alisikika mwanamke wa mbali akiimba wimbo mwingine. Wazee wa kwaya walitoka mbio, mmoja akaacha kofia na hakuirudia. Ngatia alijua sababu. Kile kichuma cha kufutia kwenye mashine kilikuwa kimelika, kikaacha mabaki ya sauti. Alijua, na bado nywele zilimsimama. Santuri ya kwaya hiyo hakuitoa kamwe.

Dada yake Watiri, Wangui, alikuja kila Januari. “Mzee, ile sauti ya dada yangu iko wapi?” Naye akamjibu, “Iko Nairobi, mama. Njoo tena.” Alisema hivyo mwaka wa kwanza kwa aibu, wa pili kwa woga, halafu ikawa haiwezekani kusema kingine. Miaka arobaini na mitano! Hata baada ya kufunga, Peris alimkuta mara nyingi ndani ya chumba kile, ameketi kati ya magunia akisikiliza mkanda ule, akisema, “Watiri, ngoja kidogo.”

Mwaka wa 2019 masikio yake yalianza kufifia, na kufikia 2024 hakusikia kitu. Alilia waziwazi, kwa kuwa hata yale mabaki hakuweza tena kuyasikia. Baada ya kiharusi cha Februari 2025, alimtuma Wachuka amlete Wangui.

Wangui alikuja, sasa bibi wa wajukuu. Ngatia alimwambia, “Nilikudanganya. Haikuwa Nairobi. Niliifuta, mimi mwenyewe.” Wachuka akawasha mashine. Kwaya ikaimba, ikavuta pumzi, na midomo ya Wangui ikaanza kutembea. Ngatia hakusikia chochote. Alitazama tu ile midomo ikifuata maneno ambayo kwaya haikuyaimba, akauliza, “Yuko?”

Wangui akamshika mkono, akaitikia kwa kichwa. Kisha akamtazama usoni na kusema polepole, ili asome midomo yake, “Ungeniambia tu, Mzee. Mama angemsikia kabla hajafa.” Ngatia alielewa kila neno.

Mzee aliaga dunia hospitalini Nyeri tarehe 3 Mei 2025, saa nne asubuhi, familia ikiwa kando yake.

Ameacha mjane, Peris, watoto, Wachuka na Munene, wajukuu watano, na Wangui, aliyekubali kuketi leo na familia, na ambaye baada ya mazishi atapanda gari kwenda Kagio na mkanda mapajani.

Mungu ampe Ngatia pumziko. Watiri, sasa unakwenda nyumbani.