Beryl Leadley na Yai Lililofunga Baa ya Nanga

Ndugu waombolezaji, mimi Clifford Harland, mwuza nyama, ndiye niliyepewa kazi ya kusoma historia hii, shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na mitano na kuandika nimejifundisha mwenyewe, kwa hiyo mwenye kucheka acheke kimoyomoyo.

Mdogo wangu Beryl alizaliwa tarehe 9 Machi 1949 hapahapa Whitby, mtoto wa pili wa mzee Ernest Harland na mama Hilda, akasoma hadi mwaka 1964, akaajiriwa jikoni katika hoteli ya ufukweni, ambako alijifunza kuchemsha yai dakika sita, kulivika nyama ya nguruwe ya kusaga, kulivingirisha kwenye chenga za mkate na kulikaanga, yaani yai la Kiskoti, ambalo Waskoti hawahusiki nalo hata kidogo, na mwenye kubisha tuonane nje.

Tarehe 12 Juni 1971 alifunga ndoa na marehemu Raymond Leadley, wakajaliwa Denise mwaka 1973 na Graham mwaka 1976, na mwaka 1978 wakachukua baa ya Nanga, ambako mayai yake yalikaa kaunta chini ya kifuniko cha kioo, yakafika harusini, mpirani na kwenye kila pikiniki ya mji huu, na aliyeingia na yale ya kituo cha mafuta, magumu kama gololi, aliambiwa akayalie garini.

Desemba 2020, wakati wa maradhi yale ya korona, serikali iliamuru bia iuzwe pamoja na mlo kamili tu, mawaziri wakabishana kwenye televisheni kama yai la Kiskoti ni mlo au kitafunwa, na Ijumaa tarehe 11 mkaguzi akaingia Nanga, akanikuta na bia yangu na yai langu, akaniuliza, "Mzee, huo ni mlo?" nami, kwa kuwa sisemi uongo, nikamjibu, "Mlo una viazi, bwana," baa ikafungwa hadi mwaka mpya.

Beryl alisema, "Kaka, umenifungia baa kwa yai," na hakunisemesha tena, ila kila Krismasi alinitumia kwa posta kiazi kimoja kibichi, jumla vinne.

Moyo ulianza kumsumbua Mei 2023, akafariki tarehe 2 Februari 2024 saa nne asubuhi, wanawe wakiwa kando ya kitanda chake, mimi nikiwa koridoni kwa kuwa sikuitwa.

Baadaye Denise alinipa karatasi ya mama yake, imeandikwa, "Historia asome Clifford, maana hajui kudanganya, na mayai ya msibani atengeneze yeye, viazi marufuku."

Nimetengeneza mia na ishirini, jana saa sita mchana nikaonja moja, na hadi jua linatua sikutamani kitu kingine.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuazima vikaangio, na wahudumu wote wa Nanga.

Ulikuwa mlo, Beryl. Pumzika, mdogo wangu, umeshinda.