Mama Kabla na Birika la Masjala

Ijumaa ya tarehe thelathini, Mtaalamu wa Lishe wa kituo chetu cha afya anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi. Jina lake liko kwenye vyeti. Sisi tunamwita Mama Kabla, na anaitika. Mgonjwa akimweleza maumivu, yeye huuliza: na kabla ya hapo? Ukijibu, anauliza tena. Wapo waliotoka chumbani kwake wamerudi nyuma mpaka siku walipoachishwa ziwa.

Alianza na meza moja, mzani mbovu na rundo la madaftari. Kila mwenye ugonjwa sugu alipewa daftari aandike kwa siku saba: amekula nini, wapi, na nani, amelalaje, nini kimemkera. Dawa za daktari hakuzigusa. Alichotaka ni kujua ugonjwa unaingilia mlango gani. Dereva wetu aliyesumbuliwa na kiungulia miaka tisa aliapa kwamba anakula kidogo. Daftari likamuumbua: kila jioni alikula kwa mama yake, kisha akaenda kula tena kwa mkewe, maana hakuweza kumkatalia hata mmoja. Mama Kabla akawaita wote wawili. Kiungulia kikaisha, ikabaki aibu.

Mimi, karani wa masjala, nina langu la kusimulia.

Kabla yangu walipita makarani watatu katika kile chumba. Wa kwanza alishikwa na tumbo, kisha mikono ikalegea. Wa pili akawa hivyo hivyo, akafika kusahau majina ya wanawe. Wa tatu alikutwa mezani saa nne asubuhi, faili liko wazi, ameshakata roho. Watu wakasema chumba kina mwenyewe. Kikapakwa rangi, kikaombewa, meza ikageuzwa. Mwaka wangu wa pili, nami nikaanza kushika kalamu kwa mikono miwili. Niliogopa, sifichi. Asubuhi nikikalia kile kiti nilihisi kina joto la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Mama Kabla akanipa daftari. Siku saba zikapita, hakuona kitu. Basi akaja akakaa kwenye kona ya masjala kutwa nzima, akiitazama mikono yangu. Tulipokuwa tunafunga ofisi akaniambia nimelishika birika mara kumi na nne. Ningeapa ni mara tatu! Ni birika la udongo, la kijani kinachong'aa, ambalo kila karani mpya hukabidhiwa kwa heshima zote, na sote tulilijaza maji ya ndimu. Sikuyaandika, kwa kuwa maji si chakula. Marehemu, yule karani wa tatu, naye aliwahi kupewa daftari, naye hakuyaandika. Hilo Mama Kabla hajajisamehe mpaka leo.

Vipimo vilionyesha kwamba ile rangi ya birika ina madini ya risasi, na ndimu ilikuwa ikiyatoa kidogo kidogo. Damu yangu ilikuwa nayo. Nikatibiwa hospitali, nikapona, na wanangu nawaita kwa majina yao hata wanaponiudhi.

Birika likafungiwa kabatini kwa Mama Kabla, kwa sababu ni mali ya kituo, lina namba, na halivunjwi bila kibali. Kibali tumekisubiri miaka sita. Wiki iliyopita tulilifungua kabati kwa ajili ya makabidhiano. Kufuli lilikuwa zima, ufunguo ni mmoja tu. Birika halikuwemo. Palikuwa na duara safi katikati ya vumbi, na mbegu moja ya ndimu, bado ina unyevu.

Mama Kabla amekataa zawadi. Ameomba kila kiti ukumbini kiwekewe daftari, na kila mmoja wetu aandike anachokunywa, si anachokula tu. Anayejua birika liliko aliweke mezani, hataulizwa neno.

Mama, asante kwa mikono yangu. Kapumzike, ule kwa raha bila kuandika, na afya iwe nawe. Daftari langu nimeshalianza jana. Jioni nililifungua, nikakuta maji ya ndimu yameandikwa mara kumi na nne, kwa mwandiko wangu. Sikumbuki kuyanywa.

Tunakutakia mapumziko mema. Ila tafadhali, usiende mbali.